Kichana Kilichofungiwa Ofisini: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Elimu

Kwa Waziri wa Elimu, makatibu wake, na nyote mnaoamua watoto wetu wasome nini na waadhibiwe kwa lipi,
Jogoo House, Nairobi.

Waheshimiwa,

Salamu nyingi. Ninafundisha Kiswahili katika shule moja ya msingi huku Eastlands. Shule siitaji, wala mtoto simtaji, maana sikukusudia kumchongea mtu. Nina maombi machache, na kabla ya kuyafikia sina budi kuwasimulia habari ya kichana.

Ni kile kichana cha mkia wa chuma ambacho wasusi hugawia nywele. Alikuwa nacho mvulana wa Gredi ya Sita. Mamake anasuka Kenyatta Market, na kwa kuwa siku za Jumamosi hana wa kumwachia mtoto, huyu kijana amekulia kwenye vile vibanda. Alianza kwa kushika furushi la nywele bandia na kumchambulia mamake moja moja. Akapandishwa cheo, akawa anachovya ncha kwenye maji moto bila kuunguza shingo ya mteja. Sasa anaweza kutoa matuta yaliyonyooka kuliko mistari ninayochora ubaoni kwa rula.

Muhula uliopita baadhi ya wasichana wa darasa lake walikuwa wakija Jumatatu nywele zimesimama, nyumbani hakuna pesa ya msusi, na sheria ya shule inataka nywele zisukwe. Basi saa ya chakula cha mchana akawa anawasuka nyuma ya darasa. Msichana anakaa kwenye tofali, yeye amesimama nyuma yake, kichana amekibana kwa meno, vidole vinakwenda mbio hata huvioni. Hakuwa akiwatoza kitu, ingawa wakimpa nusu chapati hakatai.

Naibu wa mwalimu mkuu akamkuta. Kesho yake kwenye gwaride mtoto alisimamishwa mbele, kichana mkononi, shule nzima ikaambiwa imtazame vizuri "huyu mama". Watoto wakacheka, na baadhi ya wale wasichana aliowasuka wakacheka pia. "Huu si utamaduni wetu," naibu akasema. Kichana kikaenda kwenye droo ya ofisi, mzazi akaitwa.

Mamake alikuja na mafuta ya nywele bado kwenye vidole. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwalimu, kodi yangu ni nywele. Karo ni nywele. Hii sare amevaa ni nywele. Sasa mnataka nimwambie nywele ni aibu?" Hakujibiwa. Mimi nilikuwa mlangoni na mzigo wa madaftari ya insha, nami sikufungua mdomo.

Naibu wetu si mtu mbaya. Ninajua watoto wawili wa hapo shuleni ambao yeye ndiye huwanunulia viatu. Alisema tu lile tunalosema wote, na ndiyo maana sikumwandikia yeye, nimewaandikia ninyi.

Jioni hiyo nikitoka, mlinzi wetu alinisimamisha langoni. Ni mzee wa Kimaasai kutoka upande wa Kajiado, na husikia kila kitu kinachosemwa kwenye gwaride. "Kwani yule kijana amekosa nini?" Nikamweleza. Akavua kofia yake ya kazi, akanionyesha kipara. Akasema alipokuwa morani nywele zake zilifika katikati ya mgongo, zimesokotwa nyembamba nyembamba, zimepakwa mafuta na udongo mwekundu. Nikamuuliza ni nani alikuwa akimsuka, mamake au dada zake. Mzee alicheka mpaka akaegemea lango. Wanawake walikuwa wakinyoa vichwa, akaniambia. Mambo ya nywele walikuwa nayo wapi? Alisukwa na morani mwenzake, chini ya mti, kutwa nzima, na siku ya pili yeye akamsuka mwenzake. "Siku ya eunoto mama akaninyoa zote," akasema. "Nililia mimi! Tulilia wote." Eunoto ndiyo sherehe ya morani kuvuka kuelekea uzee. Aliyasimulia hayo na rungu kwapani, kwa majivuno, kama mtu anayekumbuka siku alipokuwa mwanamume kamili.

Kwa hiyo waheshimiwa, kazi iliyomfanya mtoto aitwe mama saa mbili asubuhi ndiyo iliyokuwa alama ya uanaume kwa mtu anayelinda lango la shule hiyohiyo. Walikuwa hatua hamsini, mmoja kutoka kwa mwenzake. Nami najiuliza: naibu aliposema "wetu", alikuwa akimsemea nani? Mji huu hata jina lake ni la Kimaasai.

Walimu wa lugha tuna ubishi wetu kuhusu maneno jinsi na jinsia. Wengine husema jinsi ni mwili aliozaliwa nao mtu, na jinsia ni yale ambayo jamii inaupachika mwili huo: nguo, kazi, sauti, namna ya kukaa na kucheka. Kwenye matumizi ya kila siku tunayachanganya, na sitarajii tuache leo. Ila tofauti yenyewe ipo hata kama maneno yamechanganyika, na mzee wa langoni aliifafanua vizuri kuliko semina zote nilizowahi kuhudhuria, zile za chai na mandazi mawili.

Ukishaanza kuangalia, unaiona kila mahali. Hapa Nairobi, kwenye mjengo, mwanamke akibeba karai la zege watu hugeuka kumtazama, na fundi atamwambia akapike uji wa vibarua. Vuka tu Kitengela uingie kwenye maboma ya Wamaasai, uulize nyumba ya kienyeji hujengwa na nani. Hujengwa na mwanamke. Anasimika fito, anasuka matawi, anakandika kwa samadi, na paa likivuja mvua ya usiku ndiye anayepanda juu. Hakuna anayemwita dume.

Au chukueni kazi za nyumbani. Siku hizi mtu akitaka msaidizi anasema tu "natafuta msichana", kana kwamba kupika na kufua kuliumbwa pamoja na wasichana. Lakini katika Nairobi ya wakoloni aliyepika, aliyefua, aliyepiga pasi na kutandika vitanda vya Wazungu kwa kawaida alikuwa mwanamume. Akiitwa boi hata akiwa na wajukuu, na hilo ndilo lilikuwa tusi, siyo pasi. Mji ulioanza mwaka 1899 kama kituo cha reli ulipangwa uwe wa vibarua wanaume, wake zao wabaki mashambani. Hata makaratasi yalipangwa hivyo. Kipande, yaani kitambulisho alichovalishwa Mwafrika shingoni kuanzia mwaka 1919 kilikuwa cha wanaume, na wanawake wa Kenya walianza kusajiliwa kwa ajili ya kitambulisho baada ya sheria kubadilishwa mwaka 1978. Miaka 15 baada ya uhuru! Nyanya yangu alizaa, akalima, akalipia watoto karo, akazika mume, na mbele ya serikali hakuwa na kadi ya kusema yeye ni nani. Naye siku hizi angeambiwa huo ulikuwa utamaduni wa Kiafrika, wakati ulikuwa uamuzi wa ofisi.

Sasa nije kwenye lugha, ambayo ndiyo mkate wangu.

Kiswahili hakimuulizi mtu jinsia yake kabla ya kumsemea. "Amefika, amekaa, anataka chai." Nani huyo? Huwezi kujua, na mara nyingi huhitaji kujua. Ngeli ya A-WA inajali kama kitu kina uhai, basi. Mwanamke, mwanamume, kuku na nyuki wote wamo ndani. Wanafunzi wangu wakivuka kwenda kipindi cha Kiingereza, viwakilishi vinawashinda. Shangazi anapewa kiwakilishi cha mjomba na babu anageuka kuwa nyanya. Mwenzangu wa Kiingereza huja ofisini akijishika kichwa. Mimi humwambia watoto wale si wajinga. Lugha walizonyonya nazo hazijawahi kuwauliza swali hilo.

Lakini nisiisifu lugha kupita kiasi. Lugha hiihii ndiyo inayouita mkono wa kulia mkono wa kuume, na wa kushoto wazee wakauita wa kike; wa kwanza ni wa kulia chakula na kupokelea baraka, wa pili mnaujua kazi yake. Lugha hii ndiyo iliyonipa methali "Mke ni nguo, mgomba kupalilia", nami nikawapa watoto wa miaka kumi na miwili waitungie insha. Niliwapa alama nzuri walioeleza vizuri kwa nini mke ni kitu cha kuvalishwa na kutunzwa. Hakuna msichana hata mmoja aliyeandika kwamba yeye si mgomba, na wakati huo sikuona ajabu. Aidha, nimewahi kuandika kwa kalamu nyekundu kwenye daftari la mvulana aliyefiwa na babake: "Jikaze kiume." Alikuwa na miaka tisa. Nikilikumbuka daftari lile usingizi hunitoka.

Mmesoma barua hii kufikia hapa bila kuambiwa kama mwandishi ni mwanamume au mwanamke. Kama mlikwisha kuamua, labda mjiulize mmeamua kwa kitu gani.

Kuna wanaodhani mtu akisema haya anataka kuleta mambo ya nje. Hebu tuyatazame ya ndani. Miongoni mwa Wanandi na Wakisii, na kwa Wakamba wanaoijua kama ndoa ya iweto, mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari akaoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Haikuwa habari ya mapenzi baina yao. Ilikuwa habari ya ukoo na shamba. Kwa Wanandi yule mwoaji alihesabiwa mwanamume tangu siku hiyo. Alikuwa amevuka, mahari yamemvusha, na wanakijiji walitakiwa kumchukulia hivyo. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilikubali katika kesi ya urithi kwamba ndoa ya namna hiyo ya Kinandi ni ndoa halali ya kimila.

Sisemi huko kulikuwa peponi. Ukiangalia kwa makini utaona kwamba mwanamke alilazimika kugeuka mwanamume ili tu mali isitoke nyumbani kwake, na hilo linawasema wanaume kuliko linavyomsema yeye. Ninachosema ni kwamba wazee wetu walijua uanaume unaweza kutolewa mahari. Walijua ni kitu ambacho jamii hukaa chini ikakipanga. Sisi tuliosoma ndio tumekuja kudhani kilishuka kutoka mbinguni pamoja na kaptura ya sare.

Wala sisemi kila cha mila kifuatwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na katiba hiyohiyo, kifungu cha 2, inasema sheria ya mila inayopingana nayo ni batili. Ukeketaji tuliupiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, ingawa nao ulikuwa na wazee wake, nyimbo zake na sherehe zake. Kwa hiyo tunajua kuchagua. Ninalalamika tu kwamba shuleni hatuchagui. Tunatamka "utamaduni" kama mtu anayefunga mlango, na aliyebaki nje ni mtoto.

Na wapo ambao mlango huo huwabana zaidi ya msusi wangu. Daftari langu la mahudhurio lina safu mbili, wavulana na wasichana, na jumla lazima ilingane. Kuna mwaka mzazi mmoja alinifuata nikiwa peke yangu darasani, akafunga dirisha, akaniambia kwa kunong'ona kwamba daktari hakuwa na hakika mtoto aliyenaye ni wa safu ipi. Aliuliza jambo moja tu: mtoto atatumia choo gani? Sikuwa na jibu, na sikuwa na pa kuuliza. Kiswahili kina neno la zamani, huntha, kwa hiyo waliotutangulia waliwaona watu hawa na kuwapa jina. Sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza nchini, wakapatikana 1,524 katika watu zaidi ya milioni 47, na naamini wengi hawakuthubutu kujitaja mbele ya karani huku majirani wanasikiliza. Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua watoto hawa. Daftari langu bado.

Kuna pia wanaokua wakijijua kuwa si vile walivyoandikwa utotoni. Najua wengi wenu hapa mtakunja uso, na sitajaribu kuwageuza kwa barua moja. Nawakumbusha tu kesi ya Audrey Mbugua, maana inahusu cheti cha shule. Alifanya mtihani wa kidato cha nne kwa jina la kiume, na baadaye cheti kikawa hakifanani na mtu anayekishika, akawa hawezi kukipeleka popote. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe kingine chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Kilichonishangaza ni sababu mojawapo: mahakama iliona kanuni za baraza zenyewe hazilazimishi alama hiyo kuwepo. Ilikuwepo kwa mazoea. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyefungua kanuni kuangalia. Hicho ndicho kisa cha kichana, ila kina muhuri.

Basi maombi yangu ni haya.

Andikeni waraka, hata wa ukurasa mmoja, usemao kwamba hakuna mtoto atakayeadhibiwa au kufanywa kichekesho mbele ya wenzake kwa sababu kazi, mchezo au sauti yake inadhaniwa kuwa ya jinsia nyingine. Hauhitaji bajeti. Walimu wakuu huogopa waraka kuliko wanavyoogopa Mungu, na kwa mara moja woga huo utatusaidia.

Vitabuni, mwambieni mchoraji apumzike na yule mama wa jikoni na baba wa gazeti. Nimefundisha kwa vitabu vya aina hiyo miaka mingi, na nawahakikishia kwamba katika darasa langu zaidi ya nusu ya watoto hawajawahi kumwona mtu akisoma gazeti nyumbani. Wamemwona baba akikaanga chipsi kibandani, na mama akiondoka saa kumi alfajiri kwenda Marikiti kununua sukuma wiki. Kijana anayewapaka wanawake kucha rangi katikati ya mji wanamjua, ni jirani yao wa plot. Chora huyo. Na msichana mwenye usingizi darasani kwa kuwa ameteka maji kabla ya kuja, huku kakake akiamshwa kwa chai tayari, naye achorwe, ili watoto waulizane kulikoni.

Halafu, mtaala huu wa umilisi unapenda sana kuwatuma watoto nyumbani kukusanya vitu. Tumekusanya mbegu, tumekusanya vizibo vya chupa, wazazi wamechoka. Safari moja watumeni wakamuulize nyanya, babu, au mzee wa jirani kama hawana wao: kwenu zamani nani alikamua ng'ombe, nani alijenga nyumba, nani alisuka nywele, nani aliruhusiwa kulia? Wakirudi darasani Mmaasai, Mkamba, Mluo, Msomali na Mgiriama kila mmoja na majibu yake, mwalimu hatahitaji kuhubiri. Atabaki na kazi ya kuwanyamazisha.

Kuhusu daftari la mahudhurio, naomba jambo dogo kuliko mnavyodhani. Tupeni mahali pa kuuliza. Mzazi akifunga dirisha na kuninong'oneza, niwe na ofisi ya kumwelekeza ambako hatatazamwa kama ajabu ya Musa.

La mwisho halihitaji waraka. Yule mvulana haji tena nyuma ya darasa saa ya mchana. Hukaa kwenye dawati, mikono ameikalia. Wasichana wamerudi kuja na nywele zilizosimama, na Jumatatu iliyopita wanne walirudishwa nyumbani kwa kukiuka sheria ya nywele. Kichana bado kimo kwenye droo ya ofisi, chini ya simu mbili zilizonyang'anywa na filimbi ya michezo. Kina meno mawili yaliyovunjika upande wa mkia, na kimeandikwa herufi ya kwanza ya jina la mamake kwa rangi ya kucha. Alikuwa amekiazima kwake. Nimekiomba mara mbili, nikaambiwa kinasubiri maelekezo kutoka juu.

Huko juu ni kwenu. Tafadhali toeni hayo maelekezo kabla shule hazijafungwa, kwa sababu Desemba ndiyo msimu wa wasusi, na mama anakihitaji.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Kiswahili,
Eastlands, Nairobi.